Nani aliagiza gari langu, na lilipelekwa wapi? Kufuatilia kumbukumbu za kiwandani za Jaguar E-Type

*"Nilinunua Jaguar E-Type ya wazi, injini ya lita 3.8, nyekundu, usukani uko kulia. Kadi inasema ni ya mwaka 1963. Namba ya chasisi inaanza na 877. Aliyeniuzia alisema gari liliagizwa maalumu kiwandani na mwigizaji wa filamu, akakabidhiwa Paris, na kwamba rangi ni ileile ya siku ya kwanza, ila hakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha. Rafiki mmoja anasema namba ya chasisi ikisomwa na anayejua itatoa historia yote. Mwingine anasema nisijisumbue, kiwanda hakina tena kumbukumbu za miaka hiyo. Juzi nimegundua namba ya injini iliyogongwa kwenye silinda hedi hailingani na ile ya kwenye kibao. Nianzie wapi? Na je, nimeuziwa gari bandia?"*

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoyataja, hakuna hata moja linalotosha kusema umeuziwa gari bandia. Silinda hedi yenye namba tofauti ni jambo la kawaida kwenye magari haya, na nitakueleza kwa nini. Lakini kuna jambo muuzaji hakukwambia, ama kwa kutojua ama kwa kunyamaza tu: gari lako halikutoka kiwandani likiwa na usukani kulia.

E-Type ilipozinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, Jaguar ilikwisha kugawa namba za chasisi kwa makundi, kufuata aina ya bodi na upande wa usukani. Magari ya wazi ya usukani kulia yalianzia 850001, na yale yenye paa la bati ya usukani kulia 860001. Ya wazi ya usukani kushoto yalianzia 875001, na ya paa la bati ya usukani kushoto 885001. Namba yako ya 877 iko kundi la tatu. Kwa hiyo liliundwa na usukani kushoto, kwa soko la nje ya Uingereza, kisha mtu fulani baadaye akaligeuza. Hilo halilipunguzii gari heshima. E-Type nyingi zilikwenda Marekani, na bei zilipopanda mwishoni mwa miaka ya 1980 wafanyabiashara walizifuata huko, wakazirudisha Ulaya kwa makontena na kuzigeuza usukani kwa ajili ya wanunuzi wa Uingereza. Gari lako linaweza kuwa mojawapo. Linaweza pia kuwa lilikwenda Ufaransa kweli, kwa sababu nako wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Namba hii peke yake haiamui kati ya hayo mawili.

Jambo la pili namba inalodokeza ni mwaka. Namba za 877 zinaangukia 1962, wakati kadi yako inasema 1963. Usishtuke. Mwaka unaoandikwa kwenye kadi mara nyingi ni mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza au lilipouzwa, hasa kwa magari yaliyovuka bahari na kusubiri mteja kwenye ukumbi wa wakala. Gari lililokamilika vuli ya 1962, likapakiwa melini na kununuliwa baada ya mwaka mpya, lilipewa mwaka wa 1963 bila mtu yeyote kudanganya. Magari yanayoonekana "kukua" mwaka mzima namna hii ni mengi kuliko wamiliki wanavyodhani.

Sasa tuwageukie marafiki zako wawili, maana kila mmoja ana nusu ya ukweli na nusu ya upotovu.

Anayesema namba ya chasisi itatoa historia yote amezoea magari ya siku hizi. Namba ndefu ya tarakimu na herufi 17, inayobeba aina ya injini, mwaka na kiwanda, ilianza kutumika kwa mfumo mmoja kuanzia magari ya mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kampuni ilijipangia yake. Namba ya E-Type ya 3.8 inakwambia aina ya bodi, upande wa usukani na nafasi ya gari kwenye mfululizo, basi. Haina rangi ndani yake. Haina jina la mteja wala bandari. Mtu akikusomea namba hiyo na kukutajia mji gari lilikopelekwa, muulize ameusoma wapi, kwa sababu kwenye namba haumo.

Anayesema kumbukumbu hazipo naye amekosea, na kwa bahati nzuri amekosea sana. Madaftari ya uzalishaji ya Jaguar ya miaka hiyo yamehifadhiwa na Jaguar Daimler Heritage Trust nchini Uingereza, na mmiliki anaweza kuomba cheti kinachonukuu mstari wa gari lake. Utatakiwa kuthibitisha kwamba gari ni lako na kuonyesha namba zenyewe kwa picha. Wako makini hivyo kwa sababu cheti cha kweli mikononi mwa tapeli ni zana ya kuundia gari la uongo, kwa hiyo usione ni usumbufu.

Kabla hujaomba, ni vizuri uelewe daftari hilo liliandikwa kwa ajili gani, maana hapo ndipo matarajio ya wengi yanapovunjika. Watu huwazia mteja ameketi na karani wa kiwanda cha Browns Lane, Coventry, akichagua rangi na ngozi, na karani akiandika jina lake. Mambo hayakwenda hivyo. Mteja alizungumza na wakala. Wakala alichukua magari kwa msambazaji wa nchi au wa eneo. Msambazaji ndiye aliyetuma oda kiwandani, mara nyingi ya magari kadhaa kwa pamoja, akikisia nini kitauzika: haya ya rangi hii, yale ya rangi ile, yote usukani kushoto. Kwa Marekani, kwa mfano, magari yalipitia Jaguar Cars Inc. ya New York au, kwa upande wa magharibi, Hornburg ya Los Angeles. Kwa kiwanda, mteja ni msambazaji. Yule aliyeendesha gari kutoka kwa wakala kwenda nyumbani kwake, kiwanda mara nyingi hakikumjua.

Ndiyo maana kwenye vyeti vya magari yaliyouzwa nje, nafasi ya jina la mmiliki wa kwanza mara nyingi haina kitu. Haina maana kwamba jina limefichwa au ukurasa umepotea. Halikuandikwa kwa sababu hapakuwa na sababu ya kuliandika.

Kuna kundi moja tofauti, na wewe linakuhusu. Baadhi ya wageni walinunua gari wakiwa Uingereza au wakalifuata huko wenyewe, wakaliendesha kidogo kisha wakaondoka nalo, bila kulipa kodi ya mauzo ya Uingereza kwa sharti kwamba gari litoke nchini. Oda za namna hiyo zilihusu mtu mmoja na gari moja, kwa hiyo uwezekano wa kukuta jina ni mkubwa zaidi. Ikiwa hadithi ya mwigizaji ina ukweli wowote, ningetegemea kuiona kwa sura hiyo.

Cheti chenyewe kwa kawaida kitakupa namba za chasisi, injini, bodi na giaboksi, rangi ya nje, rangi ya ngozi ya viti, rangi ya turubai, tarehe ya kukamilika, tarehe ya kutoka kiwandani na jina la msambazaji. Kwa baadhi ya magari, hasa yaliyobaki Uingereza, kuna namba ya usajili ya kwanza na jina la mmiliki.

Zisome tarehe kwa uangalifu. Ya kukamilika ni siku gari lilipomalizika kwenye mstari wa uzalishaji. Ya kutoka ni siku lilipoondoka lango la kiwanda kuelekea bandarini au kwa msambazaji. Tarehe ya kuuzwa haimo kabisa, wala ya kusajiliwa. Kati ya lango la Coventry na mkono wa mteja ng'ambo panaweza kupita wiki kadhaa, au miezi mingi ikiwa rangi haikupendwa. Magari hayakuondoka kwa mpangilio wa namba pia. Gari la namba kubwa linaweza kuwa limetoka kabla ya la namba ndogo kwa sababu meli yake iliondoka mapema, au kwa sababu la namba ndogo lilirudishwa kwa fundi kurekebishwa. Mtu anayekadiria tarehe ya gari lake kwa kuangalia la jirani kwenye mfululizo anabahatisha.

Namba kuandikwa daftarini hakumaanishi hata kwamba gari liliundwa. Mwaka 1963 Jaguar ilitenga namba za chasisi 18 kwa ajili ya E-Type nyepesi za mashindano, lakini ziliundwa 12 tu. Namba sita zilikaa kwenye karatasi bila gari kwa miaka hamsini, hadi kampuni yenyewe ilipotangaza mwaka 2014 kwamba itazijenga. Hilo lilifanywa wazi, na mwenye haki ya kulifanya. Lakini fikiria tapeli anayejua namba fulani ilikuwa ya gari lililoungua au kukatwa vyuma chakavu zamani: akichonga kibao na kuagiza karatasi, karatasi itakuwa sahihi kabisa, na gari litakuwa si lenyewe.

Kwa hiyo nataka ukipokee cheti kama tangazo la mtu aliyepotea: kinataja kimo, kovu na nguo alizovaa siku alipoondoka nyumbani. Hakithibitishi kwamba aliyesimama mbele yako ndiye. Hilo unalithibitisha wewe, kwa kumwangalia.

Na kuangalia kwenyewe ni huku. Kibao chenye namba nne, kilicho ndani ya chumba cha injini, ndicho ushahidi dhaifu kuliko wote, kwa kuwa vibao vipya vinatengenezwa na kuuzwa kwa wanaofufua magari, na kukifunga ni kazi ya dakika chache. Anzia kwenye chuma. Namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia, juu ya sehemu inapofungwa shokapu. Namba ya injini imegongwa mara mbili: kwenye bloku upande wa kulia, juu ya chujio la oili, na mbele ya silinda hedi. Ya giaboksi iko kwenye kona ya nyuma upande wa kushoto wa kasha lake, na tena kwenye mfuniko wa juu. Ya bodi iko kwenye kibati kidogo kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, upande wa kulia.

Nenda na tochi, kioo kidogo na kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Futa grisi taratibu. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya namba na upitishe penseli laini kwa ubapa, hadi tarakimu zijitokeze. Nakala hiyo ya penseli ni bora kuliko picha nyingi, kwa sababu inaonyesha kina cha kila tarakimu na kama mstari umenyooka. Usipige msasa. Usipulizie mchanga. Usimruhusu fundi wa rangi "asafishe vizuri" sehemu hiyo. Ukisaga milimita moja ya chuma pale, unaweza kuufuta ushahidi pekee wa utambulisho wa gari lako, na hakuna cheti kitakachourudisha.

Nakili kila alama pamoja na herufi na tarakimu ya mwisho. Namba ya injini ya E-Type ya 3.8 inaanza na R, baadaye RA, na inamalizika kwa 8 au 9, yaani kiwango cha mgandamizo. Ukiituma bila mkia huo unampunguzia mtunza kumbukumbu kitu cha kulinganisha.

Sasa silinda hedi yako. Injini ya gari lako, aina ambayo Jaguar iliiita XK, ina bloku ya chuma cha kutupwa na hedi ya aluminiamu. Maji ya rejeta yakikaa miaka bila kubadilishwa na bila dawa ya kuzuia kutu, huila aluminiamu kuzunguka njia za maji mpaka gasketi haishiki tena. Injini ikichemka, hedi hupinda. Fundi wa mwaka 1975, mwenye gari la zamani lisilo na thamani kubwa mbele yake, alichukua hedi nzuri kutoka kwenye injini nyingine, akaifunga, mteja akaondoka ameridhika. Hakuna aliyefikiria namba. Ndiyo maana nasema hedi peke yake isikuondolee usingizi. Kinachobeba uzito ni bloku. Hujanitajia namba yake, na nadhani hukuiona kwa sababu ya uchafu ulio juu ya chujio. Itafute hiyo kwanza.

Ikilingana na cheti, una injini ya asili yenye hedi ya kuazima, na mjadala umekwisha. Isipolingana, soma herufi za mwanzo: L pamoja na herufi nyingine kama A au B huashiria injini ya 3.8 iliyotoka kwenye Jaguar nyingine, Mark 2, na Z huashiria Jaguar Mark X. Hizo ni ndugu wa damu wa injini yako, zinaingia bila shida, lakini gari linakuwa limepoteza injini yake ya kuzaliwa na bei inapaswa kuonyesha hivyo. Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo ya kuogopa: namba inalingana, lakini uso wa chuma chini yake umesawazishwa kuliko chuma kinachokizunguka, au tarakimu zinapanda na kushuka, au umbo la 3 na la 7 halifanani na la magari mengine ya kipindi hicho. Hapo mtu alisaga namba nyingine na kugonga hii.

Fremu ya mbele inahitaji neno lake. E-Type ina bodi ya bati inayojibeba yenyewe hadi ukuta wa mbele. Kutoka hapo kwenda mbele, injini na magurudumu yanabebwa na fremu za mabomba ya mraba zilizofungwa kwa bolti. Mabomba hayo huliwa na kutu kutoka ndani, au hupata ufa, na suluhisho sahihi ni kuyabadilisha. Kwa hiyo sehemu ilipogongwa namba ya chasisi ni sehemu inayofunguka. Gari halali kabisa linaweza kuwa na fremu mpya iliyogongwa namba upya na karakana yenye uaminifu, ambayo ingepaswa kukupa risiti, picha za kazi na, kama wana busara, kipande cha fremu ya zamani chenye namba. Na gari la mashaka linaweza kuwa na fremu ya kweli iliyofungwa kwenye bodi ya gari lingine. Ndiyo sababu namba ya bodi ina thamani kuliko watu wanavyoipa: haijulikani sana, hivyo haighushiwi sana. Kwenye magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo, mafundi waliandika namba kwa chaki au kalamu ya nta nyuma ya mbao za mapambo na chini ya viti ili vipande visichanganywe. Ukiwa unafungua mambo ya ndani kwa sababu yoyote, geuza kila ubao uutazame kabla hujaufuta vumbi.

Kuna mashahidi wengine wadogo ambao hawajui kudanganya. Vifaa vya umeme vya Lucas, kama distribuita na motor ya wipa, viligongwa mwezi na mwaka vilipotengenezwa. Kwenye gari la katikati ya 1962 utategemea kukuta tarehe za wiki au miezi michache kabla. Ukikuta nyingi zinaelekea mahali pamoja, gari hilo limekaa pamoja tangu mwanzo. Ukikuta kila kimoja na mwaka wake, limekusanywa kutoka magari mengi. Gari la miaka sitini haliwezi kuwa na vyote vya asili, kwa hiyo tazama mwelekeo wa jumla, usihukumu kwa kifaa kimoja.

Kuhusu Paris, angalia spidomita. Magari ya bara la Ulaya yalipewa ya kilomita, ya Marekani yalipewa ya maili. Yako imepitia kugeuzwa usukani, kwa hiyo dashibodi huenda ilifumuliwa yote na spidomita ikabadilishwa, lakini inafaa kuitoa na kutazama mgongo wake. Halafu subiri mstari wa msambazaji kwenye cheti. Ukisema New York au Los Angeles, hadithi ya Paris imekwisha na ni bora uiage mapema. Ukitaja Ufaransa, una kazi tamu mbele yako. Namba za usajili za Ufaransa za kipindi hicho ziliishia na tarakimu za idara, na 75 ilikuwa ya Seine, idara iliyojumuisha Paris na vitongoji vyake hadi ilipogawanywa mwaka 1968. Picha moja ya zamani inayoonyesha nyuma ya gari inaweza kukupa namba, na namba inakupa mahali pa kuuliza.

Kama lilikwenda Marekani, jiandae kwa njia yenye mashimo. Hakuna ofisi moja inayoshika umiliki wa magari ya miaka ya 1960. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, na majimbo mengi hayatunzi kumbukumbu za zamani hivyo. Lakini sheria ya mwaka 1958 ililazimisha kila gari jipya kubandikwa kwenye kioo karatasi yenye bei na jina la wakala, na baadhi ya wamiliki waliihifadhi pamoja na kitabu cha gari. Waulize wamiliki wa zamani karatasi hiyo kwa jina lake la mitaani, Monroney.

Na kama gari lilipita Uingereza wakati wa kurudishwa, kuna mkondo mwingine. Usajili wa huko ulikuwa mikononi mwa halmashauri za maeneo hadi katikati ya miaka ya 1970, ulipohamishiwa ofisi ya kitaifa ya usajili wa magari huko Swansea, ambayo leo inaitwa DVLA. Gari lililorudishwa miaka ya 1980 au baadaye litakuwa kwenye mfumo wa DVLA, na mmiliki mwenye sababu ya msingi anaweza kuomba taarifa, ingawa majina ya watu yanalindwa na sheria na huenda usipewe yote. Ukimpata mmiliki wa zamani, mwandikie barua fupi ya heshima, uambatishe picha ya gari, umwachie nafasi ya kunyamaza. Wazee waliouza gari walilolipenda hufurahi kuliona tena, na mara nyingi bahasha ya picha iko kabatini mwao. Asiyejibu asisumbuliwe.

Mwigizaji wa filamu ningemweka pembeni mpaka karatasi imtaje. Nasema hivi bila kumdharau muuzaji. Hadithi kama hizi hupokewa kutoka kwa muuzaji aliyemtangulia, naye kwa wa kabla yake, na kila mmoja huisimulia kwa imani. Ushahidi unaotosha ni wa kipindi kile: jina kwenye daftari, ankara ya wakala, cheti cha bima, picha yake akiwa na gari na namba ya usajili ikisomeka. Barua iliyoandikwa miaka arobaini baadaye na mtu "aliyekumbuka" ni kumbukumbu ya mtu huyo, siyo ya gari. Usilipie hadithi hiyo wala kuiuza kwa mwingine kama kweli.

Rangi ni rahisi zaidi. Fungua mahali ambapo wapakaji wavivu hawafiki: chini ya mpira wa buti, nyuma ya dashibodi, ndani ya kingo za milango chini ya mapambo. Ukikuta kijani au samawati ya metali chini ya nyekundu, cheti kitakupa jina lake. Je, ulirudishe kwenye rangi hiyo? Hapa sina jibu moja. Kama nyekundu iliyopo imepakwa vizuri na unalipenda gari lilivyo, liache, uandike tu historia yake kwa ukweli. Kama linahitaji kupakwa upya vyovyote vile, ningerudi kwenye rangi ya daftari bila kusita, kwa sababu gharama ni ileile na gari linapata tena sehemu yake iliyopotea. Usukani ningeufikiria kwa namna hiyohiyo, ila kwa tahadhari zaidi: kuurudisha kushoto ni kazi kubwa na ghali, na inafaa tu ikiwa mengine yote yamelingana.

Wenye magari mengine wanaosoma hapa watafuata njia ileile kwa milango tofauti. Kumbukumbu za MG, Austin-Healey na Triumph zinashughulikiwa na British Motor Museum iliyoko Gaydon. Alfa Romeo wana kituo cha nyaraka Arese, Italia, na Ferrari wana idara yao ya Classiche, Maranello. Mercedes-Benz huweka kadi ya taarifa ya gari husika, yenye misimbo ya rangi na vifaa. Kwa Ford za Marekani kuanzia mwaka wa modeli 1967, Marti Auto Works wana haki ya kutumia takwimu za uzalishaji. Kwa Corvette, chama cha National Corvette Restorers Society kinaweza kuonyesha wakala aliyepelekewa gari, na kwenye nyingi kati yao karatasi ya oda yenyewe ilibandikwa juu ya tangi la mafuta, ambako wengine wameikuta imekauka lakini inasomeka.

Kuna hatua ambayo hupaswi kuichukua peke yako. Ukiona dalili za kusagwa kwenye bloku au fremu, ukiona namba ya bodi hailingani na cheti huku ya chasisi inalingana, au ukisikia kwamba mahali fulani kuna gari lingine lenye namba yako, acha kufungua chochote. Tafuta mkaguzi huru anayezifahamu E-Type, asiyeuza magari na asiye na uhusiano na aliyekuuzia, alinyanyue gari na kulipitia kwa macho yake. Wapo wataalamu wa uchunguzi wa jinai wanaoweza kusoma namba iliyosagwa, kwa kuwa pigo la nyundo huacha alama ndani zaidi ya mahali jicho linapoishia. Kazi hiyo inawezekana tu kama chuma hakijaguswa tena. Na magari mawili yakidai namba moja, nenda kwa mwanasheria kabla ya kumpigia muuzaji simu ya hasira. Kila unachomwambia kinaweza kuhitajika baadaye kama ushahidi.

Kwa sasa bado hujafika huko. Piga nakala za penseli za namba zote, ya bloku ikiwa ya kwanza, kabla cheti hakijafika mkononi mwako. Ukisoma cheti kwanza, macho yatakuwa yanatafuta tarakimu unazozitamani, na 3 iliyojaa grisi ni rahisi sana kuisoma kama 8.